Jibu: Mboji ya klabu ya mazingira inanuka, watoto wamesusa

Habari mwalimu. Umesema lundo lenu linanuka kama yai viza, inzi wamejaa, na watoto hawataki tena kulisogelea. Kabla hujanunua chochote, chota konzi moja ya katikati uikamue. Maji yakichuruzika, shida ni unyevu: maganda ya jikoni mengi, vikavu haba, hewa haipiti.

Sisi letu tulilipindua kwa chepe, tukachanganya maranda na majani makavu ya mwembe, ndoo mbili kwa kila ndoo ya maganda. Siku ya nne harufu ilikuwa imekata. Wape watoto zamu ya kupindua, na kijiti cha kuchomeka katikati kupima joto. Kikitoka cha moto, wanagombania kukishika! Mabaki ya dagaa msitie. Mavi ya kuku sijayajaribu, aliyeyatumia atujuze.