Programu ya ghala inapokosa mtandao

SWALI: Mimi ni karani katika ghala la chai Shimanzi, Mombasa. Nimetengeneza programu ya simu ya kurekodi mifuko inayoingia na kutoka, kwa kutumia jukwaa lisilohitaji kuandika msimbo mwingi (maagizo ya kompyuta). Mlangoni inafanya kazi vizuri, lakini ndani, chini ya mabati, mtandao hukatika na skrini huzunguka tu. Pia, makarani wawili walipotoa mifuko ya loti moja (fungu moja la chai), salio lilionyesha mifuko mingi kuliko iliyokuwepo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, skrini inazunguka kwa sababu programu yako huiuliza seva, yaani kompyuta kuu inayotunza rekodi za simu zote, kila kitufe kinapoguswa. Panga skrini zote zisome na kuandika kwenye hifadhi ya simu yenyewe, kisha usawazishaji na seva (kulinganisha rekodi za pande zote mbili) uwe kazi ya pembeni inayofanyika mtandao unaporudi. Pakua loti ambazo hazijafungwa za ghala lako peke yake.

Tatizo la salio ni zito zaidi, na hakuna jukwaa litakalokuamulia, hata kama matangazo yake husema kwamba inatosha kuwasha swichi moja. Tuseme simu zote mbili zilipakua salio la mifuko 320. Karani wa kwanza akatoa 40 na kutuma 280. Wa pili akatoa 60 na kutuma 260. Seva ikashika la mwisho, ilhali mifuko iliyobaki ni 220. Basi simu isitume salio kamwe, bali itume tukio: loti ipi, mifuko mingapi, imeingia au imetoka, na karani ni nani. Seva ndiyo ijumlishe, na hapo hata matukio yakifika kwa kupishana, jumla haiharibiki. Hesabu ya kukagua rundo ni jambo jingine: makarani wakitofautiana, hifadhi hesabu zote mbili, msimamizi aamue.

Kila tukio lipewe kitambulisho cha nasibu na simu yenyewe, si namba za kufuatana, kwa kuwa simu mbili zisizo na mtandao zitatoa namba ileile. AppSheet, jukwaa la Google la aina hii, kwa mfano, ina amri ya UNIQUEID() kwa kazi hiyo. Kitambulisho hicho humwezesha mtu kutuma tena pale jibu la seva lilipopotea njiani, mradi seva ikatae kukisajili mara mbili. Anayetumia Power Apps, jukwaa la Microsoft, akumbuke kwamba amri zake za SaveData na LoadData huhifadhi data kwenye simu na kuirudisha tu. Foleni ya kutuma, na upatanishi wa rekodi zinazogongana, ni juu ya mtengenezaji mwenyewe.

Onyesha kwenye skrini idadi ya matukio ambayo hayajatumwa, na mzuie karani kutoka kwenye akaunti kabla haijafika sifuri. Kabla ya kuwapa wenzako, zima mtandao, rekodi matukio kadhaa, zima simu kabisa na uiwashe, kisha uangalie kama yote yangalipo.