Waziri mkuu wa mwisho kutawala akiwa lodi

Umeuliza ni nani wa mwisho kuongoza serikali ya Uingereza akiwa kwenye Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge lao. Ni Lord Salisbury, Robert Cecil, aliyeshika uwaziri mkuu mara tatu hadi 1902, akampisha mpwa wake Arthur Balfour. Alec Douglas-Home naye aliteuliwa akiwa lodi mwaka 1963, ila aliuvua ulodi huo baada ya siku chache tu.

Sisi wa pwani tumjue Salisbury vizuri zaidi. Mwaka 1890 aliwaachia Wajerumani kisiwa cha Heligoland, kilichoko Bahari ya Kaskazini huko Ulaya, nao wakakubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Waingereza. Wakazi wa Heligoland hawakuulizwa, wala Wazanzibari wa kawaida. Hilo linaniuma mpaka leo.