Maswali ya Wasomaji: Mbio za Pikipiki Barabarani

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu, dereva wa bodaboda hapa Kirumba, Mwanza, hutazama mbio za pikipiki za Kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, na kutamani kuziiga. Kwa nini watu hushiriki mbio zinazoua?

JIBU: Ndugu msomaji, mbio hizo, zilizoanza mwaka 1907, hupita katika barabara za kawaida, takriban kilomita 60 kwa mzunguko, katikati ya kuta za mawe, nguzo na nyumba, ambako anayeanguka hana nafasi ya kuserereka salama. Mwaka 2022 pekee walifariki washindani sita. Mvuto wake, hata hivyo, ni wa kweli: waendeshaji huondoka mmoja mmoja, hivyo kila mtu hupambana na saa pamoja na kumbukumbu yake ya kona nyingi mno. Joey Dunlop alishinda huko mara 26, lakini naye alifia mashindanoni Tallinn, Estonia, mwaka 2000.

Tafadhali usimkejeli mdogo wako. Mweleze kwamba kule barabara hufungwa kwa mujibu wa sheria, na waokoaji hukaa tayari njia nzima, ilhali Barabara ya Makongoro ina watoto, wachuuzi na daladala ambao hawakukubali kuwa sehemu ya mashindano yake.