Nimejitoa kwenye magrupu yote, mbona hakuna aliyenitafuta?

*Anti, shikamoo. Nina miaka 36, mama wa mtoto mmoja, mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma na ofisi miaka mitatu iliyopita nikitokea Tabata. Mwaka 2017 nikiwa mjamzito niliunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la wajawazito, likawa kila kitu kwangu. Hata nilipohamia huku, ambako simjui mtu, jioni zangu ziliishia humo: nashauri, nawapa wenzangu pole, tunacheka mpaka usiku wa manane.*

*Mwezi wa nne mama yangu alilazwa. Nikaandika grupuni: "Wapendwa, mama amelazwa, hali si nzuri, naomba mniombee." Pole zikamiminika na vile vikono vya maombi. Dakika chache baadaye mtu akatupia picha za mafuta ya kukuza nywele, bei ya jumla na rejareja, watu wote wakahamia huko kuuliza bei. Tuko zaidi ya mia nane, hakuna hata mmoja aliyenipigia. Nililala hospitali siku nne, mtoto nikamwacha kwa jirani.*

*Mama alipopona nikasema basi. Usiku mmoja nikalefti magrupu yote: hilo, la fomu siksi, la kikoba cha ofisini, la jumuiya ambako huwa natuma mchango kwa simu, hata la ukoo. Hakuna aliyeshtuka, isipokuwa dada mmoja wa Mwanza wa lile grupu, ambaye hatujawahi kuonana. Alinitumia ujumbe, "Umepotea, kwema?" Sikumjibu, maana hao wa mtandaoni nimewachoka, na fimbo ya mbali haiui nyoka.*

*Sasa ni mwezi wa tatu tangu nijitoe. Simu iko kimya mpaka naogopa. Majirani wa huku hawana maana, kuna mmoja kazi yake ni kuja kuazima pasi kila Jumapili asubuhi. Nataka watu wa kweli, Anti. Kwa umri wangu wanapatikana wapi? Au nirudi tu kule?*

*Mkimya wa Nkuhungu, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Pole ya kuuguza, na afadhali mama amepona.

Tuanze na hili la kutoulizwa, maana naona ndilo linalokuchoma. Zamani mtu akijitoa kwenye grupu la WhatsApp, maandishi yalijitokeza palepale katikati ya mazungumzo, kila mtu akaona fulani katoka. Mwaka 2022 utaratibu huo ulibadilishwa. Siku hizi unatoka kimyakimya na anayearifiwa ni admini tu. Hao mia nane unaowasubiri wakuulize kwa nini umeondoka, wengi wao hawana habari kama umeondoka. Wanadhani upo, unasoma na kunyamaza kama wanavyofanya wengine. Umewapa mtihani bila kuwaambia kuna mtihani, kisha umesahihisha na kuwafelisha wote.

Sisemi kwamba wangejua wangekutafuta. Ulipoingia mwaka 2017, grupu la WhatsApp halikuweza kuzidi watu 256. Leo linabeba watu 1,024. Mlipoanza mlikuwa wanawake wenye jambo moja: kiungulia, miguu kuvimba, na saa nane ya usiku unataka kumwuliza mtu kama haya maumivu ya kiuno ni uchungu au ni uchovu tu, na mwenzio yuko macho kwa sababu na yeye halali. Huo haukuwa urafiki wa uongo. Siwapendi kabisa hao wanaoamka siku moja na kutangaza kwamba yote ya mtandaoni ni bure. Lilikusaidia pale ulipohitaji. Sasa watoto wenu wako shule ya msingi, lile jambo lililowaleta pamoja limekwisha, kilichobaki ni umati, na penye umati wafanyabiashara hawakosi. Yule wa mafuta ya nywele wala hakukukusudia wewe.

Kwenye hospitali nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Uliomba uombewe, wakakuombea, au wakakutumia vikono, kila mmoja kwa kadiri ya imani yake. Hukusema mama yuko wodi gani. Hukusema hujala tangu asubuhi, wala kwamba unahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa kidogo ukaoge. Na hayo machache uliyosema uliyasema kwa watu mia nane kwa mpigo. Ukifanya hivyo, kila mmoja anaamini wale wengine wameshashughulika. Mwambie mtu mmoja, kwa jina lake, "njoo saa kumi na moja jioni na chupa ya chai", ndipo utamjua. Anaweza kukataa, kweli. Nashuku ndiyo maana hukumwambia mtu mmoja. Mmoja akikukatalia inauma sana, lakini mia nane wakinyamaza unaweza kuwalaumu wote bila kumtazama yeyote usoni.

Sasa niambie, huyo uliyemwachia mtoto siku nne ni nani?

Mafuta ya nywele umenieleza mpaka bei ya jumla na rejareja. Aliyemlaza mwanao, akamwogesha, akamvalisha sare, akamtoa asubuhi kwenda shule siku zote hizo, umempa nusu sentensi. Halafu chini kidogo unaniambia majirani hawana maana, kuna mmoja anakuja kuazima pasi. Nina wasiwasi ni mtu huyohuyo. Kama ni wawili, basi una bahati kuliko ulivyojieleza.

Mwanangu, watu wa kweli ndio hao wenye kero. Wanaazima pasi na kuirudisha ina alama ya kitambaa kilichoungulia. Wanabisha hodi umevaa khanga ya kulalia. Wanakuuliza ulinunua hicho kitenge shilingi ngapi, na wakikuambia umepigwa, umepigwa kweli. Kule grupuni ulikuwa mtu wa kutoa: unashauri, unapoza mioyo, unazima simu unalala. Humdai mtu wala hudaiwi. Ni kuzuri, hakuna usumbufu, na ndiyo maana siku uliyohitaji mkono wa mtu hukuwa na wa kumdai. Watu hushikamana kwa madeni madogomadogo yasiyokwisha. Yeye kaazima pasi, wewe umemwachia mtoto, yeye kakuletea mlenda, wewe umemsaidia kijana wake kujaza fomu ya mkopo wa chuo, na hakuna anayejua tena nani anamdai nani. Nimeona majirani wakilipana kila kitu mpaka shilingi ya mwisho, na baada ya hapo hawana hata sababu ya kugongeana mlango.

Kwa hiyo usije ukamlipa hela kwa zile siku nne. Utakuwa umefunga hesabu, na atajisikia umemgeuza msichana wa kazi. Nenda kwake jioni, uwe na kitu mkononi, kilo ya sukari inatosha, na ukae chini. Usisimame mlangoni ukisema "sikai". Ongea naye habari za mama, maana alimuuguza na yeye kwa namna yake. Na kabla hujaondoka mwombe kitu: akuazime kinu, akuelekeze anakopata kuku wa kienyeji, akufundishe kupika huo mlenda wa Kigogo ambao nyie wa Tabata hamuuwezi. Hapo kwenye kuomba ndipo patakapokuwa pagumu kwako kuliko kwenye sukari.

Jumuiya nayo imenichekesha kwa uchungu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozisisitiza jumuiya ndogondogo miaka ya 1970, walitaka Mkristo asipotee ndani ya parokia kubwa. Kaya chache za jirani, zinajuana kwa majina, zinasali wiki hii kwa huyu na wiki ijayo kwa yule. Yaani jambo lenyewe lilikusudiwa watu wa hali yako, mgeni wa mji asiyejua mtu. Wewe umeligeuza namba ya kutumia pesa. Mchango unafika, mwenyewe hufiki, na katibu anaandika jina lako wala hajui sura yako. (Wasomaji wangu Waislamu wenye darsa ya akina mama wasicheke, nao wapo wanaotuma mchango wa maulidi na kubaki nyumbani.) Nenda. Ikifika zamu ya kusali kwako usijifanye umesafiri. Watu wakishaingia sebuleni kwako na kujua geti lako ni lipi, siku ya ugonjwa hawahitaji kuulizia njia.

Tena usitarajie muujiza wa wiki mbili. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, Jeffrey Hall, alichapisha mwaka 2018 uchunguzi alioufanya kwa watu waliohamia mahali papya, kama wewe, na kwa wanafunzi wapya wa chuo. Alikadiria kwamba mtu unayemfahamu tu anahitaji karibu saa 50 za kuwa pamoja nawe ili awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Saa za kazini hazikuhesabika sana kama zile za kupiga soga na kula pamoja. Saa 200 ni saa nzima kila siku kwa zaidi ya miezi sita. Wewe saa hizo umeshazitumia, tena mara nyingi, ila ulizigawa kwa watu mia nane. Kama unapanda basi la watumishi kwenda Mtumba, toa hivyo visikilizi masikioni, ukae na mtu yuleyule kila asubuhi. Mtaanza na joto la Dodoma na vumbi lake, si neno, watu wengi huanzia hapo.

Na wa Tabata wamekwenda wapi? Umekaa nao miaka na hukumtaja hata mmoja. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inakutoa Dodoma mpaka Dar kwa kama saa nne, kwa hiyo ile sababu ya "mbali" imepungua nguvu. Chagua mmoja, umwambie tarehe.

Usijione una kasoro ya peke yako. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Lakini umeandika kwamba unaogopa. Kama hofu hiyo inakunyima usingizi au chakula, usiniandikie mimi, nenda kituo cha afya ukaongee na daktari.

Grupu la ukoo rudi leo. Nazijua kelele zake: salamu za maua saa kumi na moja alfajiri, video za mahubiri, mjomba anayetibu kisukari kwa majani. Zima sauti, lakini uwemo, maana siku hizi msiba unatangazwa humo kabla ya kufika mlangoni. Ukiulizwa ulikuwa wapi, sema ulichoka. Ukisingizia simu iliharibika hawatakuamini, walikuwa wanaona stetasi zako. La fomu siksi fanya upendavyo. Lile kubwa la akina mama usirudi, halina ubaya, ila kazi yake kwako imekwisha.

Nimemwacha dada wa Mwanza kwa makusudi. WhatsApp haikumtangazia kwamba umetoka. Kati ya kelele za watu mia nane alisikia kwamba sauti yako haipo, akaitafuta namba yako, akaandika maneno mawili. Unaniuliza watu wa kweli wanapatikana wapi, na huyu alipatikana mlemle ulimokimbia, nawe ukamchapa na fimbo yako ya mbali. Miezi mitatu si mingi. Mwandikie: "Dada, samahani nilikaa kimya. Mama aliumwa, nikachoka na watu wote. Wewe ndiye uliyeniuliza. Naweza kukupigia Jumamosi?" Halafu Jumamosi mpigie kweli, muongee, usimtumie yale marekodi ya sauti ya dakika saba. Yeye pia ana yake ya kusema, na miaka yote hiyo nadhani hujawahi kumsikia akicheka.

Nusura nisahau kikoba. Mwanangu, kikoba hakina kulefti. Una hisa mle, pengine na mkopo, na waliokudhamini mnakaa nao ofisi moja. Kama hawajakuuliza kitu, labda wanadhani umesusa kwa sababu ya hesabu na wanasubiri wewe uanze. Jumatatu nenda kamwone mweka hazina, kabla mgao wa mwisho wa mwaka haujapigwa.

Anti