Ramani ya shemeji na balkoni ya Kigamboni

SWALI: Mhandisi, nina kiwanja Kigamboni, bahari naiona. Shemeji yangu ana ghorofa moja Kimara, ina miaka tisa na haijapata ufa. Kanipa ramani yake. Fundi anasema tuijenge vilevile, ila balkoni tuitoe kutoka mita 1.2 hadi 1.8, “tutapiga nondo za kutosha”. Kwani nyie wahandisi hamrudii michoro? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Tunarudia, ndugu yangu, tena kila siku. Ila tunachorudia ni uamuzi pamoja na sababu yake. Anayebeba vipimo na kuiacha sababu anadesa, na saruji haina msahihishaji wa kumwonea huruma.

Nikupe mfano. Katika BS 8110, kanuni za Uingereza za kusanifu zege ambazo wengi wetu tulisomea, bimu iliyolala juu ya nguzo mbili tunagawa urefu wake kwa 20 kupata kina cha kuanzia. Ikiendelea juu ya nguzo kadhaa, tunagawa kwa 26. Ikining'inia kama balkoni yako, kwa 7. Baada ya hapo hesabu hurekebishwa kulingana na nondo zitakazowekwa. Lakini tazama pengo kati ya 26 na 7: kitu chenye mshiko upande mmoja tu kinataka unene wa kutisha. Hiyo ndiyo sababu, na haimo kwenye karatasi ya shemeji. Umeongeza nusu ya urefu tu, sawa? Kwa mzigo uliotandazwa sawasawa, nguvu ya kupinda pale kwenye mshiko inakuwa mara 2.25. Kwa unene uleule, ncha itainama kiasi cha mara tano hivi ya awali.

Sasa hizo “nondo za kutosha”, maana hapa ndipo huwa napandisha presha. Tangu ghorofa lile la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, kila anayenipigia anauliza aongeze nondo ngapi. Hakuna anayeuliza zinakaa wapi! Slabu ya kawaida huvutika upande wake wa chini katikati ya chumba, kwa hiyo fundi kazoea kulaza nondo kuu chini, na yuko sahihi. Balkoni huvutika upande wake wa juu. Akihamisha mazoea yake huko, hata akijaza nondo za milimita 16 kama wavu wa dagaa, kazi kuu ya kushika balkoni hazitaifanya.

Nimewahi kusimamisha zege Mbezi asubuhi moja. Nondo zilikuwa zimefungwa juu vizuri kabisa. Halafu vijana wakapitisha toroli juu yake, wakazikanyaga, na hadi nafika zilikuwa zimelala kwenye vibiskuti vya chini, vile vijitofali vya kuinulia nondo. Fundi akanishangaa: “Si zipo zote, bosi? Hesabu.” Nilihesabu. Zilikuwepo zote.

Kuhusu bahari, chumvi hupenya zege, nondo zikapata kutu, kutu ikavimba na kulipasua zege kwa ndani. Kwa hiyo zege la kufunika nondo kwako liwe nene kuliko la Kimara, na lenyewe liwe limeshiba, siyo lile la kuongezewa maji ili lishuke haraka. Msingi sitausemea kabla hujachimba shimo la kupima udongo.

Ramani ya vyumba ya shemeji itumie, kama mama watoto ameipenda. Ya nondo mrudishie, mlete mhandisi hapo kiwanjani apige hesabu upya, na siku ya kumwaga balkoni awepo tangu toroli la kwanza.

Na kuna hawa wauza ramani wa kwenye simu, picha nzuri, malipo kwa namba, “imeshajengwa sehemu nyingi, haina shida”. Sehemu zipi, udongo gani, hawasemi. Mmoja nilimpigia nikamuuliza nondo za balkoni yake zimekaa juu au chini, na kwa nini. Akaniambia kwa elfu ishirini zaidi ananipa na ya ghorofa mbili.