Maswali ya Wasomaji: Mlima, Minyororo na Theluji

Malindi na Italia wameoana siku nyingi, na kila mwaka kuna mwenzetu anayeondoka kwenye jua hili akaenda kwa jamaa au kwa mwajiri, akakuta barabara nyeupe. Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa watu wa namna hiyo. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa makosa yake ndiyo yanayoua.

SWALI: Mimi ni dereva wa watalii, Malindi hadi Tsavo. Familia ninayoifanyia kazi inanipeleka Bolzano, kaskazini mwa Italia, mwezi Januari nikawaendeshe milimani. Wanataka kuona pito la Stelvio. Gari ni la gea za mkono na linavutwa na tairi za mbele. Nijiandae vipi?
*Dereva, Muyeye, Malindi*

JIBU: Ndugu dereva, Januari Stelvio hutaipita. Pito hilo liko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hufungwa tangu Novemba hivi hadi mwisho wa Mei au Juni. Zile kona 48 za upande wa kijiji cha Prato, zilizochongwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, msimu huo zimezikwa na theluji. Waeleze mapema wasije wakakulaumu wewe. Pito la Brenner, kwenye mita 1,370 hivi, hupitika mwaka mzima. Chini ya mapito mengi kuna kibao: *aperto* maana yake kuko wazi, *chiuso* kumefungwa. Ukikuta *chiuso*, geuza, hata kama ramani ya simu inakusukuma mbele.

Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka, na ukumbuke kwamba kule watu hupita upande wa kulia. Siku mbili za kwanza zunguka bondeni tu, mpaka mkono uzoee.

Tairi sasa. Kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Aprili, barabara za Italia zenye kibao cha amri hiyo zinadai tairi za baridi, au minyororo iwe ndani ya gari. Sisi tunasema uwe na vyote viwili. Tairi ya kweli ya baridi ina alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake hubaki laini kwenye baridi. Ule wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Meno yakibaki chini ya milimita 4, usipande nayo. Pima upepo asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa sababu kila joto linaposhuka nyuzi 10, tairi hupoteza karibu psi 2.

Minyororo hufungwa kwenye tairi zinazovuta, yaani zako za mbele. Nunua ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 205/55 R16, na usome kitabu cha gari kwanza, maana magari mengine hayana nafasi ya mnyororo kwenye kila saizi ya tairi. Kisha ifunge mara mbili tatu uani, mchana, kukiwa kukavu. Anayejifunza gizani vidole vikiwa vimekufa ganzi huishia kufunga kombo.

Egesha pembeni, penye usawa, kabla ya mteremko kuanza. Vaa fulana inayong'aa. Minyororo ya kawaida ina pete ya waya: ipitishe nyuma ya tairi ikiwa wazi, unganisha ncha zake juu, irudishe nyuma ya tairi yote, kisha funga kulabu ya mbele. Vuta mnyororo wa kukazia mpaka uso wa tairi uwe na wavu uliokaa sawa kila upande. Ukiona upande mmoja una mnyororo mwingi kuliko mwingine, pete ya nyuma haijakaa. Fungua uanze upya. Tembea mita 50 hivi, simama, kaza tena. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na mnyororo uliolegea hupiga bodi na kukata bomba la breki. Usizidi kilomita 50 kwa saa. Ukifika kwenye lami kavu, ivue, la sivyo itakatika na kuharibu tairi.

Kupanda si kazi ngumu: ondoka na gea ya 2, achia klachi polepole, usikanyage mafuta kwa ghafla, na acha nafasi kubwa mbele ili usilazimike kusimama katikati ya kilima. Kushuka ndiko kwenye mtihani. Aliyewahi kuteremka Mai Mahiu nyuma ya lori linalonuka breki anajua tunachosema. Ukikanyaga breki mfululizo, pedi huwaka moto, na moto huo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini hufyonza unyevu wa hewa, na yakishachakaa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kwa hiyo chagua gea juu, kabla ya kuanza kushuka: ile ambayo ungeipandia mlima huo, au moja chini yake. Injini ikushikie gari. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, gari likiwa limenyooka kabla ya kona, kisha uiachie ipoe. Kuweka gari fri kwenye mteremko, hata mita mia, ni haramu.

Kwenye barafu punguza gea bila kuachia klachi kwa ghafla, maana tairi za mbele zikishtuka huteleza, na usukani unakufa nazo. Gari likianza kwenda moja kwa moja ilhali umekata kona, ondoa mguu kwenye mafuta, rudisha usukani kidogo, ngoja tairi zishike. Pedali ya breki ya ABS, ile inayozuia tairi zisijifunge, ikitetemeka, usiiachie.

Barafu nyembamba hufanana na lami iliyolowa. Itafute kwenye madaraja, vivulini na midomo ya mahandaki, hasa kipimajoto kikionyesha nyuzi 3 au chini yake. Mngurumo wa tairi ukinyamaza ghafla, ujue uko juu yake. Na penye njia nyembamba, anayeshuka humpisha anayepanda.

SWALI: Mwanangu anafanya kazi hotelini karibu na Cortina, milimani Italia. Amenunua gari la dizeli, asubuhi haliwaki, na handibreki inaganda. Nimwambie nini?
*Mama, Mkomani, Lamu*

JIBU: Mama, dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo hugeuka chembe na kuziba filta. Ajaze kwenye kituo cha mlimani, ambako huuza dizeli ya majira ya baridi, na asibaki na mabaki ya kiangazi tangini. Akapimishe betri pia, kwani baridi huipunguzia nguvu wakati injini inataka nguvu zaidi.

Penye usawa aache gari kwenye gea ya 1, bila handibreki. Asimwagie kioo maji ya moto, kitapasuka. Na kabla ya kuwasha, afukue theluji kwenye bomba la moshi. Hili mwambie leo hii kwa simu: bomba likizibwa, moshi hurudi ndani, hauonekani, na watu hufa wakiwa wamekaa kwenye gari lao.

SWALI: Nimealikwa juma moja la kuteleza na skii. Sijawahi kuona theluji. Nitaweza?
*Kijana, Shela, Lamu*

JIBU: Utaweza njia za buluu, kijana. Italia buluu ni rahisi, nyekundu ya wastani, nyeusi ya waliobobea. Kodi skii, yaani vibao virefu vya kutelezea, zinazokufikia kidevuni, chukua mwalimu siku tatu za kwanza, na ununue bima ya madhara kwa wengine, ambayo ni lazima kisheria huko tangu 2022. Vaa helmeti. Kiatu kibane kisigino kisiinuke. Vishikizo vinavyoshika kiatu kwenye skii virekebishwe na fundi kwa uzito na uwezo wako, maana vikikaza mno havitafunguka ukianguka, na goti ndilo litakalolipa.

Kwanza utafundishwa kufungua visigino nje na kukutanisha ncha za mbele, skii zikafanya pembe. Ukipanua pembe unapunguza mwendo. Ukiegemea mguu mmoja unageuka upande wa pili. Wageni huogopa na kuegemea nyuma, na hapo skii zinakimbia zenyewe. Sukuma magoti mbele mpaka mfupa wa muundi uguse ulimi wa kiatu. Aliye chini yako ana haki ya njia, kwa kuwa yeye hakuoni. Paka mafuta ya jua na uvae miwani, kwani theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale.

Na usiambiwe kwamba mambo haya si ya watu wa pwani: Sabrina Simader, aliyeteleza kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi.