Barua kwa mwanangu: bahasha ya mamako mdogo

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea baba yako. Unauliza kama ni vibaya mtu mwenye saratani ya titi, anayesubiri kuanza dripu za dawa ya saratani, kunyolewa kichwa mbele za wafanyakazi wenzake ili wachangie wagonjwa wengine. Unaogopa hao wenzako wa Leicester, huko Uingereza, wasije wakaona unatafuta huruma. Watakavyoona na waone. Mimi ninalojiuliza ni jingine: nani alisema mgonjwa kazi yake ni kupokea tu?

Marehemu babu yako hakuchoka kutuambia kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi naongeza: wala si afya.

Unamkumbuka mamako mdogo alivyokuwa akienda Ocean Road, hospitali ya saratani. Ulikuwa mdogo, uliona kilemba tu. Siku zile awe mtu wa Tanga, wa Kigoma au wa Mwanza, akiambiwa ana saratani njia ilikuwa hiyo moja: panda basi, nenda Dar es Salaam, kwenye lile jengo la Wajerumani linalotazama bahari. Alikwenda na sindano yake na vitambaa, akawa anashona kofia huku anasubiri zamu. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto alizikusanya, akazifunga kwenye karatasi na kuja kuzifukia chini ya mkomamanga. Hakutoa chozi. Watu wote wa nyumbani tulilia, yeye hakulia.

Alilia kwenye harusi. Yaani kabla ya harusi, siku ya kamati. Sitamtaja bibi arusi wala mweka hazina, unawajua. Mamako mdogo aliuza kofia zake, akatia pesa kwenye bahasha, akaandika jina lake kwa mkono wake, akaipeleka kama wenzake. Mweka hazina akamrudishia palepale ukumbini, wanawake wote wanatazama. Akamwambia, "Wewe ndiye tunakuchangia, utatuchangiaje? Kanunue maziwa." Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, akapumzike. Nadhani walikuwa na nia njema. Hapana, mwanangu, sijui, na miaka yote hii nimejaribu kuwadhania wema na bado inanichoma. Mwenye nia njema angeipokea ile bahasha, kisha jioni akampelekea maziwa nyumbani.

Usiku ule aliniuliza, "Dada, kwani mimi nimeshakufa?"

Kesho yake nilikwenda na ile bahasha nikaiweka mezani mbele ya kamati. Nikasema sitoki mpaka jina lake liandikwe daftarini. Liliandikwa. Siku ya harusi waliposoma majina ya waliochangia, lilipofika lake, alijipigia vigelegele mwenyewe, na kilemba chake kichwani, mpaka ukumbi mzima ukaitikia. Sijawahi kusikia vigelegele vitamu kama vile. Na aliishi, si unajua, hata watoto wa kaka yako akawalea yeye.

Sasa hilo la kunyoa. Unaandika kama vile ni jambo la Waingereza na sisi tutalishangaa. Wewe ulinyolewa kwa sadaka ulipokuwa na siku saba. Bibi yako alikupakata, nywele zikanyolewa zote, zikapelekwa kwa sonara wa Ngamiani kupimwa, na thamani ya fedha yenye uzito ule ikatolewa kwa maskini. Nywele za mtoto zina uzito gani? Hazifiki popote. Lakini bibi yako alizibeba kwenye leso kama amebeba dhahabu ya bibi arusi, na njiani kila aliyemuuliza alimwambia mjukuu wake ametoa sadaka. Mjukuu mwenyewe amelala. Kutoa ni moyo.

Hao Macmillan uliowataja, shirika la huko la kusaidia wagonjwa wa saratani ndilo mtakalolichangia, nimemuomba kaka yako anitafutie habari zao. Alianzisha kijana, Douglas Macmillan, mwaka 1911, baada ya baba yake kufa kwa saratani. Wana wauguzi wao wanaowahudumia wagonjwa wa saratani, na hili la kunyoa wamelianza 2015. Basi pesa inakwenda kwa watu, sina neno hapo.

Neno ninalo kwenye kichwa chenyewe. Mwanamke hata kwenye hija hanyoi, hukata ncha tu, kiasi cha ncha ya kidole. Wanazuoni wengi wanachukia mwanamke kunyoa pasi na dharura. Ila maradhi ni dharura, na hizo nywele dripu itaziondoa utake usitake. Hapo nanyamaza. Halafu nakumbuka picha: wewe kichwa wazi, mbele ya wanaume wa ofisini, na picha ikizunguka mpaka Tanga. Hapo siwezi kunyamaza. Kwani hakuna chumba cha wanawake watupu? Hakuna rafiki wa kushika mashine huku wengine wakichanga? Lakini naambiwa huko wanachanga kwa sababu wanaona. Baba yako amesema, "Mwache." Neno moja tu, akaenda msikitini. Sijui kama alimaanisha nikuache unyoe au niache kukuandikia.

Jambo moja sina mjadala nalo: iwe mashine, isiwe wembe. Hizi dawa zinapiga kila chembe inayojigawa upesi, ndiyo maana zinaangusha nywele na kuleta vidonda mdomoni, na ndizo hizohizo zinazopunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Mkwaruzo mdogo wa wembe wakati huo unaweza kukulaza hospitali. Muulize muuguzi siku gani inafaa. Nywele kwa kawaida huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu tangu dripu ya kwanza, kwa hiyo ukitaka kunyoa ungali nazo, usichelewe. Na ununue kofia laini ya pamba ya kulalia, baridi ya huko itakuingia kichwani.

Umeona, nimekwishaandika kama mtu aliyekubali. Sijakubali. Wala sijakataa. Ulimi wangu una jibu, nimeukataza, maana nilikwishaona mtu mzima akiamuliwa kama mtoto kwa sababu tu anaumwa.

Mimi na wenzangu wa kikoba tumekusanya kidogo. Kaka yako atakutumia, waambie hao Macmillan waandike jina la mamako mdogo. Unyoe, usinyoe, pesa hiyo ifike. Barua yako ndefu yote hukuandika dripu ya kwanza ni tarehe ngapi, wala nani atakaa nawe siku hiyo. Nijibu hayo mawili kabla ya mengine.

Mamako